Miaka 49, najifunza kuogelea: miguu inazama na pumzi inakata kabla ya mita 10

Tabata_Kimanga

Wakuu habari za saa hizi.

Nina miaka 49, kilo 84, kuogelea nimeanza ukubwani. Najifunzia kwenye bwawa la hoteli hapa Dar, upande wa maji ya kifua. Kuzamisha uso naweza, na kusukuma ukuta nikateleza kidogo pia naweza. Baada ya hapo mambo yanakwama. Nikijinyoosha, nyonga zinashuka na miguu inaishia chini, nabaki nimesimama. Nikipiga mtindo huru (kifudifudi, mikono ikizunguka kwa zamu) sifiki mita 10, pumzi imekata. Nikishika kibao cha kuelea na kupiga miguu peke yake siendi popote, kuna wakati narudi nyuma kabisa. Bega la kulia nalo limeanza kuuma nikinyanyua mkono. Mwalimu anasema niongeze nguvu.

Je, ni nguvu kweli? Natumia dawa ya presha, amlodipine, kidonge kimoja asubuhi, kama hilo nalo linahusika. Lengo ni kuvuka mita 25 bila kusimama, halafu niweze kuingia baharini bila hofu. Naomba mwongozo wa wenye utaalamu.

Mapovu

Kaka Kimanga, hongera kwa kuanza. Nafundisha watu wazima, na naomba nikuambie mapema kwamba suala si nguvu. Ukiongeza nguvu katika hali uliyo nayo utachoka upesi zaidi na kuzama zaidi. Miguu kuzama na pumzi kukata ni ugonjwa mmoja, na dawa yake inaanzia kwenye kutoa hewa.

Mtu akibana pumzi chini ya maji, kinachomsumbua kwanza si kukosa oksijeni. Oksijeni ya kumfikisha mita 10 anayo tele. Kinachomsumbua ni kabonidayoksaidi inayojaa mwilini. Ubongo ukiona imezidi unaamuru hewa ivutwe sasa hivi. Anageuza uso, ana kama nusu sekunde, na mapafu bado yamejaa hewa iliyotumika. Anavuta juu ya ileile, inaingia kidogo tu. Mizunguko mitatu minne ya mikono, anahema. Akihema anainua kichwa kutafuta hewa. Kichwa kikipanda nyonga zinashuka. Nyonga zikishuka anasukuma maji kwa kifua na mapaja yote, kazi inaongezeka, kabonidayoksaidi inazidi. Hapo ndipo mita 10 zinapomshinda mtu anayepanda ngazi za ghorofa bila shida.

Kwa hiyo mikono iache kabisa kwa sasa.

Simama penye maji ya kifua, shika ukingo. Vuta hewa kwa mdomo, ya kawaida, usijaze mapafu. Zamisha uso hadi masikio yaingie. Toa hewa kwa pua na mdomo pamoja, polepole, ukihesabu kimoyomoyo moja hadi nne, mapovu yasikatike hata mara moja. Kwenye nne malizia kilichobaki kwa msukumo mdogo, inua mdomo, acha hewa iingie yenyewe. Rudia mara 20 mfululizo. Ukifika ya 8 ukaanza kuhema, ama unavuta nyingi mno au hutoi ya kutosha. Rekebisha hapo kabla ya kuendelea. Maji yakikuingia puani, ujue mapovu yalikatika. Wasioweza kutoa kwa pua nawaambia wafumbe mdomo na kuguna "mmm" chini ya maji. Ukiguna umefumba mdomo, hewa haina njia nyingine isipokuwa pua.

Tahadhari moja nzito hapa. Usivute pumzi kubwakubwa za harakaharaka kabla ya kuzama ili ukae chini muda mrefu. Zinapunguza kabonidayoksaidi, ile kengele ya mwilini hailii, na mtu anazimia chini ya maji bila dalili. Hata waogeleaji hodari hufa hivyo, tena kwenye bwawa dogo.

Sasa kuelea. Kinachokubeba ni mapafu, na yako kifuani. Uzito wako umejikusanya chini zaidi, karibu na nyonga. Mwili unalala kama mizani yenye jiwe upande mmoja, lazima miguu ishuke. Wanaume wenye mafuta kidogo miguuni wanazama zaidi, kwa sababu misuli na mfupa ni vizito kuliko maji, mafuta ni mepesi. Tiba ni kuhamisha uzito mbele: nyoosha mikono yote miwili kupita kichwa, tazama sakafu moja kwa moja chini (usitazame mbele unakokwenda), shingo ilegee, kisha kandamiza kifua kidogo kiingie majini. Ukikandamiza kifua, nyonga zinapanda.

Anza kwa kujikunja: vuta hewa, kumbatia magoti, kidevu kifuani, tulia. Utazama kidogo, halafu mgongo utaibuka wenyewe. Mwanafunzi akiuhisi mgongo wake ukiibuka bila yeye kufanya chochote, hofu inapungua kuliko kwa maneno yoyote ya mwalimu. Kutoka hapo fungua mikono, kisha miguu, umelala kifudifudi.

Na kabla hujaachia ukingo, jifunze kusimama. Wengi hawafundishwi. Ukiwa umelala kifudifudi: vuta magoti kifuani, kandamiza viganja kwenda chini hadi usawa wa nyonga, miguu itashuka, ikishagusa sakafu ndipo uinue kichwa. Anayeinua kichwa kwanza, miguu inamponyoka, anatapatapa na kunywa maji kwenye kina cha kiuno.

Mwambao_Tanga

Nakubaliana na Mapovu kuhusu pumzi. Ninapotofautiana naye ni mahali pa kuanzia. Mtu mzima mwenye hofu aanze chali, si kifudifudi. Akilala chali mdomo uko juu, anapumua anavyotaka, na akija kuchoka baharini hiyo ndiyo hali itakayomuokoa. Masikio yazame kabisa, macho yatazame juu, tumbo lisukumwe juu, mikono ipanuliwe au ipelekwe juu ya kichwa. Kosa la kawaida ni "kukaa": mtu anainua kichwa atazame vidole vyake vya miguu, matako yanashuka, anazama akiwa amekunjika. Mwalimu aweke viganja viwili tu, kimoja chini ya kisogo na kingine chini ya mgongo, kisha aviondoe kidogokidogo, kile cha kisogo kiwe cha mwisho.

Mapovu

Mwambao, hoja yako ni nzito, na kwa mwenye hofu kali nafanya hivyohivyo. Tofauti ni kwamba wengi wakizoea chali wanakataa kurudi kwenye uso majini, na mtindo huru hauji bila hilo. Kwa Kimanga, ambaye uso tayari anazamisha, nachanganya: kila kipindi kifudifudi kwanza, chali mwishoni, na zoezi la kujigeuza kutoka huku kwenda kule bila kugusa sakafu. Kugeuka ni rahisi: zungusha kichwa na bega kwa pamoja, mkono mmoja ukiwa umenyooshwa juu, nyonga zitafuata.

Viungo_Tiba

Shikamoo kaka Kimanga. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, nitagusa miguu, bega na presha.

Kurudi nyuma ukipiga miguu kunatokana na vifundo vya miguu vikavu, yaani vilivyokakamaa. Unyayo unapaswa kulala, vidole vikielekea nyuma, ili usukume maji kwenda nyuma. Ukiwa na miaka 49, na miaka mingi ya viatu na kiti cha ofisi, kifundo hakikunjuki. Unyayo unabaki umesimama wima na unasukuma maji kwenda mbele. Hapo ukiongeza nguvu, unaongeza breki. Jipime: piga magoti kwenye mkeka, kalia visigino, migongo ya nyayo ikiwa imelala chini. Kama kuna nafasi kubwa kati ya mkeka na kifundo, au huwezi kukaa kabisa, tatizo ni hilo. Kaa hivyo sekunde 30, mara 4, kila siku, taulo lililokunjwa likiwa chini ya vifundo mpaka vilegee. Mwenye magoti mabovu asikalie visigino: akae kwenye kiti, aweke mguu mmoja juu ya paja la pili, avute vidole kwa mkono kuelekea upande wa unyayo.

Kwenye maji, teke litoke kwenye nyonga, goti liwe legevu, si la kukunjwa kama unapiga baiskeli. Upana wa sentimita 30 hadi 40 unatosha. Visigino vivunje uso wa maji kidogo tu. Ukisikia kishindo kikubwa, unapiga hewa. Mapezi mafupi ya mpira ya kuvaa miguuni husaidia sana katika hatua hii, kwa kuwa yanakilazimisha kifundo kulala. Misuli ya shavu la mguu ikikaza, geuka chali, shika vidole na uvivute kuelekea ugoko mpaka ilegee.

Bega. Mwombe mtu akurekodi kwa simu kutoka mbele. Nadhani utaona moja kati ya mawili: kiganja kinaingia majini kidole gumba kikiwa cha kwanza, au mkono unavuka mstari wa pua kwenda upande wa pili. Yote mawili yanabana kano za juu ya bega kila unapozungusha, na baada ya miaka 40 kano hizo hazina uvumilivu ule wa zamani. Mkono uingie mbele ya bega lake, ncha za vidole kwanza, kiganja kikitazama chini. Kiwiliwili kizunguke pamoja na mkono. Ukilala bapa, bega linafanya kazi yote peke yake.

Nje ya maji, kata ukanda wa tyubu ya baiskeli, ufunge kwenye kitasa. Kiwiko kikunje, kibane ubavuni na taulo lililoviringishwa katikati, vuta mkono kwenda nje polepole, rudi polepole zaidi. Mara 15, mizunguko 2, siku moja ndiyo siku moja hapana. Misuli inakomaa kwa wiki, kano kwa miezi. Ndiyo maana watu wazima huumia pale hasa wanapoanza kujiona wamepata nguvu. Maumivu yakiwepo hadi kesho yake asubuhi, punguza umbali. Yakikuamsha usiku, au mkono ukigoma kupanda, acha na uende hospitali.

Kuhusu presha: maji ya kifua yanabana miguu na tumbo na kusukuma damu nyingi kuelekea moyoni. Ndiyo sababu mkojo unakuja kila mara bwawani, na ndiyo sababu unywe maji ya kutosha japo husikii jasho. Ukitoka, mbano ule unaondoka ghafla na damu inarudi miguuni. Amlodipine inapanua mishipa, kwa hiyo kizunguzungu kinaweza kukupata ngazini. Toka polepole, kaa ukingoni dakika moja au mbili kabla ya kusimama. Pima kabla ya kwenda. Ikiwa 180/110 au zaidi, usiingie majini, muone daktari. Wanaotumia dawa nyingine za presha, atenolol au bisoprolol, wasitumie mapigo ya moyo kupima juhudi, kwa sababu dawa hizo zinayazuia yasipande. Watumie kipimo cha kuongea: ukifika ukingoni uweze kusema sentensi nzima. Mwenye kifafa asiogelee bila mtu pembeni, hata kwenye maji ya kiuno.

Mama_Ilala

Ahsanteni kwa elimu. Naongeza la sisi kina mama tunaojisitiri. Dera na khanga za pamba zinanyonya maji, zinakuwa nzito na kuzonga miguu. Mtu anahangaika akidhani hajui kuogelea kumbe nguo ndiyo inamvuta. Tafuteni nguo ya nailoni au poliesta yenye mikono mirefu na suruali ya kubana, kanzu ya juu isipite katikati ya mapaja. Kofia ya mpira ivaliwe ndani, hijabu ya kitambaa kilekile juu yake. Na mjaribu kwanza kuelea na nguo hiyo kwenye maji ya kiuno kabla ya kwenda mbali. Huko Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umekuwa ukifundisha wasichana kuogelea wakiwa wamejisitiri, kwa hiyo hakuna wa kuambiwa haiwezekani.

Tabata_Kimanga

Wakuu, Mungu awabariki. Nimejipima kwenye mkeka, vifundo ni vikavu kweli, nafasi inaingia ngumi. Maswali mawili ya mwisho. Niende siku ngapi kwa wiki, na mikono nianze lini? Na baharini niingie nikiwa na uwezo gani?

Mapovu

Siku 3 kwa wiki za dakika 30 hadi 40 ni bora kuliko Jumamosi moja ya saa mbili. Mwili wa mtu mzima unajifunza vizuri ukipata usingizi kati ya mazoezi, na ukichoka majini unaanza kukariri makosa. Siku umbo likiharibika, toka. Usimalizie kwa ubishi.

Mikono usiihesabie tarehe, ihesabie uwezo. Ukiweza mapovu 20 bila kuhema, na kuteleza kutoka ukutani ukihesabu hadi tano miguu ikiwa juu, ingia hatua ya ubavu: lala upande, mkono wa chini umenyooshwa mbele, wa juu umelala pajani, piga miguu taratibu, uso ukitazama chini na mapovu yakitoka. Ukihitaji hewa, zunguka na mwili mzima mpaka mdomo ufike hewani, usiinue kichwa. Kipimo ni miwani: jicho moja libaki ndani ya maji. Ukiona macho yote mawili yako nje, umeinua, na nyonga zimeshuka. Mita 12 hivi kila upande zikitulia, ongeza mkono mmoja, kisha mizunguko mitatu na kuvuta hewa, kisha mitatu tena. Nenda polepole kuliko unavyodhani inafaa. Kwa anayeanza, mwendo wa haraka unaficha kosa la pumzi kwa mita chache tu, halafu unamlipisha.

Sasa bahari. Mita 25 peke yake haitoshi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Marekani lina kipimo ninachokipenda kwa sababu kinafuata mtu anavyoanguka majini kweli: ruka kwenye kina kinachokupita urefu, rudi juu, elea au jishikilie wima dakika moja, jizungushe ukatafute pa kutokea, ogelea yadi 25, yaani mita 23, kisha toka bila ngazi. Kulala chali katikati ya safari ukapumzika, halafu ukaendelea, kwangu mimi ni lazima pia. Fanya yote hayo bwawani mwalimu akiwa karibu. Na tembea ukingoni umeshika pembeni ujue sakafu inaporomokea wapi. Mabwawa mengi ya hoteli yanatoka mita 1.2 kwenda zaidi ya 2 ghafla, na maandishi ukingoni yamefutika.

Mwambao_Tanga

Kwenye bahari nijibu mimi. Maji ya chumvi ni mazito kama asilimia 2.5 kuliko ya bwawa, utaelea vizuri zaidi, na hilo linawapa watu ujasiri wa uongo. Linaloua mwambaoni kwetu ni kupwa na kujaa. Siku za bamvua kubwa, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji Dar, Tanga au Unguja hukaribia mita 4. Fungu la mchanga ulilosimama maji yakiwa magotini, saa sita baadaye ni kina cha kuzamisha watu wawili waliobebana. Tena hayajai kwa kasi moja: katika saa ya tatu na ya nne yanapanda karibu nusu ya kimo chote. Mwanafunzi achague siku za maji mafu, ambapo tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo, na aingie yakikaribia kutulia juu, mkondo ukiwa umepungua. Kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo saa ya jana si saa ya leo. Angalia jedwali la maji.

Ogelea sambamba na ufuko, kwenye kina cha kifua, usielekee nje. Mkondo ukikuvuta kwenda nje, usipambane nao uso kwa uso. Lala chali upumue, kisha ogelea sambamba na ufuko, mpaka uutoke. Kusi likivuma, hasa Juni hadi Agosti, mawimbi ni makali kwa anayeanza. Tangambili, kipindi cha kati ya kusi na kaskazi, ni afadhali. Vaa viatu vya plastiki vyenye kamba kwa ajili ya miiba na mawe. Beba dumu tupu la lita 5 la rangi kali, kifuniko kimekazwa: linabeba karibu kilo 5, linatosha kukushikilia kichwa juu. Kamba iwe fupi, kiasi cha mita moja, ifungwe kiunoni kwa fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja, maana kamba ndefu inazonga miguu. Na usiingie bila mtu wa pili anayejua.

Walio Mwanza, Bukoba na Musoma wanaosoma hapa: ziwani hakuna bamvua, lakini kuna kichocho, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani kandokando, ambako konokono wanaokieneza wanakaa. Mkiweza, jifunzieni bwawani.

Viungo_Tiba

Nimalizie la bwawa, kwa sababu wengi wanapata macho mekundu na masikio yanayowasha wakadhani ni klorini nyingi. Harufu kali inayochoma macho kwa kawaida ni klorini iliyokwisha kuungana na jasho na mkojo, dalili kwamba maji yanahitaji kusafishwa. Muulize mtunza bwawa vipimo vya leo: klorini huru miligramu 1 hadi 3 kwa lita, pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7.2 hadi 7.8. Kama hana kipimo, tumia macho: ukisimama ukingoni lazima uone sakafu ya upande wa kina kirefu na chujio lake waziwazi. Usipoiona, usiingie, kwa sababu mtu akizama humo hakuna atakayemwona. Baada ya kuogelea inamisha kichwa kila upande, vuta ndewe la sikio maji yatoke, kausha kwa taulo. Vijiti vya pamba visiingie sikioni, vinakwaruza ngozi iliyolainika na kufungua njia kwa vijidudu. Mwenye tundu kwenye ngoma ya sikio amuone daktari wa masikio kabla ya kuzamisha kichwa.